Chupa ya Maji Ikipasuka Njia ya Sange

Mazungumzo ya leo ni ya ninyi mlioko Bukavu, Ibanda na Kadutu na Bagira, na ninyi wa kule chini kwenye tambarare ya Ruzizi: Kamanyola, Luvungi, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba hadi Uvira. Leo ni zamu ya mashofere, mafundi na wenye magari. Lakini abiria naye asizime redio, kwa sababu gari likizimika juani yeye ndiye anayeshuka kusukuma.

Habari yenyewe ni ya chombo kidogo sana. Ni kile kichupa cha plastiki kinachokaa pembeni mwa radiatere, au rejeta kama wanavyosema Dar es Salaam na Nairobi. Kikiwa kipya huwa cheupe, maji yanaonekana ndani, na ubavuni kuna alama mbili, ya juu na ya chini. Miaka ikipita plastiki inageuka njano, kisha hudhurungi, mpaka mtu hajui tena maji yamefika wapi. Halafu asubuhi moja ufa unatokea, na chini ya gari kuna kitone cha maji. Hapo mwenye gari anauliza swali ambalo kila fundi wa njia hii amelisikia: tuzibe, au tununue nyingine?

Watu wawili wakiuliza swali hilo katika garaji moja, siku moja, mmoja anaweza kuambiwa aizibe na mwenzake aambiwe asithubutu. Na fundi atakuwa amesema kweli kwa wote wawili. Kwa nini? Kwa sababu chupa hizi ni za aina mbili, na kazi zao hazifanani hata kidogo. Fundi asiyezitofautisha atamtoza mmoja pesa za bure, na mwenzake atamwacha mlimani moteri ikitoa moshi.

Sasa utazijuaje? Tazama mfuniko wa presha uko wapi. Hilo ndilo neno la kushika leo, na litarudiwa: tazama mfuniko uko wapi. Fungua boneti, moteri ikiwa baridi. Kama juu ya radiatere yenyewe kuna mfuniko wa chuma wa kubonyeza na kuzungusha, na chupa ya pembeni ina kifuniko chepesi cha plastiki na mpira mmoja mwembamba, basi hiyo ni chupa ya akiba. Haina presha. Corolla nyingi za zamani, Hiace, Noah na Land Cruiser zinazopanda na kushuka kati ya Uvira na Bukavu ziko hivyo. Lakini kama radiatere haina mfuniko wowote, na chupa ndiyo yenye mfuniko mzito wa kusokota, na imeungwa kwa mipira minene, basi chupa hiyo ni sehemu ya mwili wa moteri. Maji ya moto yanapita ndani yake kwa presha ile ile ya radiatere. Mercedes-Benz, Volkswagen, Peugeot za karibuni, Land Rover Defender za dizeli na malori mengi makubwa yako upande huo.

Ya kwanza inaweza kuzibwa, na ikatembea. Ya pili ni ya kubadilishwa.

Mtu atasema, mbona kelele nyingi kwa kipande cha plastiki? Ajibiwe na barabara yenyewe. Barabara ya Taifa namba 5 inatoka Bukavu, ambako watu wanaishi kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na kufika Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 na kidogo. Kushuka si taabu ya moteri, ni taabu ya breki. Taabu ya moteri ni kurudi. Gari linatoka Uvira limejaa mihogo, mchele, samaki, watu na mizigo yao, linapita Sange saa saba mchana tambarare ikiwa inawaka, linafika Kamanyola likiwa tayari limechemka, kisha linaanza kupanda milima ya Ngomo kuelekea Nyangezi, kona baada ya kona, kwa gia ya kwanza na ya pili. Moteri inafanya kazi kubwa kabisa, na upepo wa kuipoza ni mdogo kabisa. Ndiyo maana kwa miaka mingi wengi wenye hati za kuvuka wamependa kupitia Bugarama, wafuate lami ya Rwanda, waingie Bukavu kwa upande wa pili wa mto.

Halafu kuna jambo ambalo jicho halilioni. Maji ya Bukavu yanachemka mapema. Sufuria inayochemka kwenye nyuzi 100 kule Mombasa ufukweni, Bukavu inachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa sababu hewa ya mlimani ni nyepesi. Moteri yenye afya inatembea kwenye nyuzi 85 hadi 95. Maana yake, bila presha, maji ya moteri yangekuwa ukingoni mwa kuchemka kila saa. Kinachoyazuia ni ule mfuniko. Mfuniko wa Toyota za zamani umeandikwa 0.9 au 88, na presha hiyo inatosha kusogeza kuchemka hadi karibu nyuzi 116. Presha ikitoroka, akiba hiyo yote imetoroka nayo. Ufa mdogo kwenye chupa yenye presha, basi, hauvujishi maji tu. Unashusha kiwango cha kuchemka cha maji yote yaliyobaki.

Turudi kwenye chupa ya akiba, ile ya Corolla na Hiace. Yenyewe inafanya nini? Maji yakipata moto yanavimba. Moteri yenye lita sita za maji, kutoka baridi ya asubuhi hadi moto wa kazi, inapata karibu robo lita ya ziada. Robo hiyo inasukuma mfuniko, inapita kwenye mpira mwembamba na kwenda kulala ndani ya chupa. Usiku moteri inapopoa, maji yananywea, kilango kidogo cha pili ndani ya mfuniko kinafunguka, na ile robo lita inanyonywa kurudi kwenye radiatere.

Umeona hapo? Maji yanaenda na yanarudi, kila siku.

Sasa chupa ikiwa na ufa chini, robo lita inaenda lakini hairudi. Inamwagikia barabarani, na usiku radiatere inanyonya hewa. Kesho yake hivyo hivyo. Shofere anaona gari zima, sindano ya joto haijapanda, anasema hakuna shida. Baada ya siku kadhaa moteri inatembea na maji pungufu, na siku inayochaguliwa kuonyesha upungufu huo huwa ni siku ya mzigo mzito. Ndiyo maana alama ya kuaminika ni ya alfajiri, kabla ya kuwasha: radiatere ifunguliwe ikiwa baridi kabisa, maji yawe yamejaa hadi mdomoni. Yakiwa yamepungua wakati chupa ni kavu, kuna mahali yanaenda. Na kama chupa ina maji lakini radiatere imepungua, basi lawama si ya chupa. Pengine mfuniko umechoka, au ule mpira mwembamba umetoboka au haufiki chini ya maji.

Chupa hii ya akiba, ikipasuka, inazibwaje? Hapa ndipo tambarare ya Ruzizi ina mafundi wenye vipaji, na pia ina mazoea yanayostahili kusahihishwa. Zoea la kwanza ni gundi. Gundi ya haraka, ile ya vikebe vidogo, inauzwa kila kona; Araldite nayo ipo. Zote mbili ni nzuri kwa kiatu na kwa kikombe. Lakini chupa hizi nyingi zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, ambayo gundi karibu zote huteleza juu yake. Leo inashika, kesho joto linaivua kipande kizima kama ganda.

Zoea la pili ni la ujanja zaidi. Fundi anapasha moto msumari au bisibisi, anakata kipande cha bidoni ya njano ya mafuta ya kupikia, anakiyeyusha juu ya ufa. Kazi inapendeza macho. Tatizo ni kwamba bidoni ni polietilini, plastiki nyingine kabisa. Ile ya bidoni inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, ya chupa inataka 160 na zaidi, na hata zikiyeyuka pamoja hazioani. Zinalala upande kwa upande bila kushikana. Ufa unarudi pale pale kwenye mpaka wao.

Dawa ni plastiki ya ukoo mmoja. Na plastiki hiyo imejaa kwenye magari mabovu: bampa. Geuza bampa lililovunjika, tazama kwa ndani, utakuta herufi PP zimepigwa chapa kati ya vimishale viwili. Chupa yenyewe mara nyingi ina chapa hiyo hiyo chini yake. PP kwa PP, zinaoana. Chupa inatolewa garini, inaoshwa kwa sabuni, inakaushwa kabisa. Katundu kadogo kanatobolewa kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia. Ufa unachimbwa mfereji mwembamba kwa chuma cha moto, kisha kijiti cha bampa kinayeyushwa ndani ya mfereji huo taratibu, pande zote mbili ziwe laini kwa pamoja. Ukipata waya mwembamba wa chujio usioshika kutu, uzikwe ndani yake. Iachwe ipoe yenyewe, isimwagiwe maji. Kisha ijazwe maji ya moto na iwekwe juu ya gazeti kavu nusu saa. Gazeti likilowa, kazi irudiwe.

Na moto huo wa kupasha chuma ukae wapi? Uwe mbali na gari, mbali na bidoni za esansi zinazouzwa pembeni mwa barabara. Sange hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Jioni ya Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katikati ya mji huo, mafuta yakamwagika, watu wakasogea, wengine walikuwa wamekusanyika karibu hapo kutazama mpira wa Kombe la Dunia; moto ulipowaka uliua zaidi ya watu 200. Fundi anayekataa kuwasha jiko karibu na gari linalovuja asiitwe mwoga.

Hiyo ndiyo chupa ya akiba. Na ile yenye presha je?

Ile isizibwe, labda kwa kujikokota hadi garaji ya karibu, polepole, bila mzigo. Ndani yake kuna maji yanayokaribia au kupita nyuzi 100, yakisukuma kila ukuta kutoka ndani. Kiraka cha bampa ambacho kingekaa miaka kwenye Corolla, hapa kinaweza kufumuka ghafla mbele ya uso wa mtu aliyeinama kusikiliza moteri. Mwenye Defender au Mercedes ya zamani anunue nyingine. Bukavu, mafundi na maduka ya vipuri huweza kuiagiza. Nyingi ya piyesi hizi hupita Dar es Salaam au Kampala, ambako soko la Kisekka linajulikana na kila mtu wa magari. Ya okazio inakubalika? Inakubalika kwa masharti. Ikiwa imeshageuka rangi ya chai, hiyo nayo imezeeka, na unanunua ufa wa mwezi ujao. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikinepa kidogo na kurudi, bado ina uhai, ikitoa mlio mkavu, iache mezani. Tazama mshono unaoizunguka katikati, kwa maana chupa hizi ni nusu mbili zilizounganishwa, na mara nyingi zinaanzia kuvuja hapo. Na mfuniko ununuliwe mpya pamoja nayo, wenye namba ile ile ya presha. Kuna watu hufunga mfuniko wa presha kubwa wakidhani ni nguvu zaidi. Wanachopata ni mipira ya zamani iliyopasuka.

Kabla ya kufunga chupa mpya, fundi mwangalifu anauliza jambo moja: hii ya kwanza ilipasuka kwa nini? Mara nyingi jibu ni uzee tu. Gari lilitoka Japani likiwa limetumika, likazunguka miaka mingine mingi huku kwetu, na mitikisiko ya barabara ya mashimo imelegeza bolti zinazoishika chupa hadi ikawa inagonga chuma. Lakini wakati mwingine chupa ilisukumwa. Gasketi ya kichwa cha moteri ikiungua, moshi wa silinda unaingia kwenye maji na presha inapita kiasi. Moteri ikiunguruma, maji kwenye chupa yanatoa mapovu yasiyokoma. Bomba la moshi linatoa mvuke mweupe hata mchana wa joto. Oili inageuka kama uji. Gari la namna hiyo likipewa chupa mpya litaivunja nayo. Pesa ya chupa ingewekwa kwanza kwenye gasketi.

Tumefika kwenye maji. Shofere akiona sindano inapanda pale Ngomo, au kwenye kizuizi ambako magari yamesimama foleni na moteri zinawaka, afanye nini? Azime kiyoyozi kama anacho. Afungue hita ya ndani hadi mwisho, feni yake ikienda kasi: abiria watalalamika, lakini hita ni radiatere ya pili na inaondoa joto. Asogee mahali tambarare, azime, afungue boneti. Kisha asubiri nusu saa na zaidi. Wanaokimbilia kufungua mfuniko ni wengi, na makovu yao yanaonekana mikononi na usoni. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 110, mfuniko ukilegezwa tu, yanageuka mvuke papo hapo na kuruka. Hata baada ya kusubiri, kitambaa kinene kiwekwe juu, uso ugeuzwe pembeni, mfuniko uzungushwe nusu kwanza. Na maji baridi ya kisima yasimwagwe kwenye moteri iliyokauka na kuwaka. Kichwa cha aluminiamu kinapinda au kupasuka, na hapo chupa haitakuwa tena mada. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20, bila dawa ya meno wala mawese, kisha apelekwe kituo cha afya.

Maji gani yatiwe? Njiani, yoyote yaliyo safi, ilimradi gari lifike. Nyumbani ni hadithi nyingine. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, karibu gramu moja kwa kila lita, na Ruzizi inatoka humo. Yakichemshwa siku baada ya siku ndani ya moteri yanaacha magamba meupe, yale yale yanayoganda chini ya birika, mpaka vijitundu vya radiatere vinaziba. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora kuliko hayo. Bora zaidi ni kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa: haigandi kwenye baridi, jambo lisilotuhusu, lakini inazuia kutu, inailinda pampu ya maji na inachelewa kuchemka. Ina ubaya mmoja. Kulanti nyingi ni sumu, na zina utamu. Mtoto au mbuzi akikuta beseni limeachwa uani atainywa. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya Fanta.

Kuhusu chupa ya Fanta, wapo watakaouliza: mbona tunaona taksi zinatembea na chupa ya soda imefungwa kwa waya mahali pa ile iliyopasuka? Kwa gari lenye presha kwenye chupa, hilo haliwezekani hata kilomita moja. Kwa Corolla au Hiace inawezekana, maana pale hakuna presha, ni pa kulaza maji tu. Ila chupa ya soda inalainika kwenye nyuzi 70 hadi 80, na maji ya moto yakiingia inajikunja, mpira unachomoka. Kibidoni kidogo cha lita moja au mbili kinavumilia vizuri zaidi. Ndiyo, plastiki ile ile iliyokataa kuwa kiraka inafaa ikiwa chombo kizima. Kifungwe kwa waya mahali pasipogusa bomba la moshi wala mkanda wa feni. Kitobolewe matundu mawili kwenye kifuniko, moja la mpira na jingine la kupumua. Mpira ushuke hadi chini kabisa, uzame, maji yafike nusu. Kisha alfajiri, moteri ikiwa baridi, radiatere ifunguliwe na kutazamwa kama imenyonya maji yake yote.

Mashofere mnaopanda leo mchana, safari njema, na ninyi wa Sange mpeni maji yule aliyesimama kando ya barabara na boneti wazi.